Kijiko cha Mpiga Besi

Kijana wangu, binti yangu, kama ungekuwa umekaa hapa mbele yangu ningekuomba unioneshe vidole kabla hata sijakuuliza jina. Sitaki mkono wote. Nataka ncha ya kidole cha shahada na ya kidole cha kati, mkono wa kulia, vile viwili vinavyovuta nyuzi za gitaa la besi. Nikikuta vimepasuka na wewe unatabasamu kama mtu aliyepewa medali, hapo ndipo tutakapogombana.

Mimi ni Mama Riziki, wa Kibabi, Masisi, milima ya mashariki mwa Kongo. Nilipiga besi tangu ujana wangu mpaka mgongo uliponiambia yatosha. Watu wanadhani besi ni gitaa kama magitaa mengine, lakini livae shingoni ibada nzima, na mhubiri awe mtu wa maneno mengi, ndipo utajua kwamba ni mzigo. Nimepiga kwenye kwaya, harusi na matanga, Kibabi, Mushaki, Kitshanga, hadi upande wa Walikale, ambako gitaa lilisafiri nyuma ya pikipiki limefungwa kwa mpira kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Siku hizi natengeneza magitaa ya wenzangu na kuwasumbua kwa maneno.

Maneno yenyewe ni machache, ila siwezi kuyasema bila kumtaja Papa Bahati, aliyenifundisha. Huyu baba alikuwa na binti mmoja, Solange, na tangu mtoto yule alipobatizwa alimwahidi jambo moja mbele ya kwaya nzima: siku utakayoingia kanisani kuolewa, besi nitapiga mimi, si mtu mwingine. Siku hiyo ilipofika, vidole vyake vilikuwa karibu vimemgomea. Kilichotokea ndicho ninachotaka mkijue, maana kilinifunza kuliko mazoezi yangu yote.

Kwanza mumwone alivyokuwa. Papa Bahati alikuwa mkulima kama sisi, mwenye shamba la maharage kwenye mteremko mkali ambao hata mbuzi walikuwa wanaushuka kwa adabu. Jumapili alivaa koti la kijivu, akashika besi, na kanisa lote likatulia. Baada ya ibada akina mama walipika, tukakaa pamoja na kula bugali na sombe, yaani kisamvu. Sisi wote tulikula kwa mkono. Papa Bahati peke yake alitoa kijiko kwenye mfuko wa koti, akakifuta kwa leso, akala nacho polepole. Tulimtania sana. Tulimwita Muzungu. Tulisema ameanza kuona haya kula kama wazazi wake. Yeye alicheka tu na kuendelea kula.

Nilikuja kujua sababu siku nilipoanza kujifunza kwake. Alinikalisha kwenye benchi, akafungua kiganja chake, akanionesha. Ncha za vidole vile viwili zilikuwa na nyufa ndefu, nyingine mbichi, nyingine zimezibwa kwa nta ya mshumaa ambayo alikuwa anaidondoshea mwenyewe ikiwa bado ya moto. Chumvi na pilipili ya sombe zikigusa pale, mtu anaruka. Kijiko hakikuwa maringo hata kidogo.

"Unaona?" akaniambia. "Kama kidole haijapasuka, weye haujaanza."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Alikuwa mpiga besi bora kuliko wote niliowahi kusikia, na mtu bora akikuambia kwamba njia ni hii, unafunga macho na kufuata.

Mimi nilijiona niko tayari kuliko wote. Nimelima tangu utotoni, nikasema sugu ninazo za kutosha, hizo nyuzi zitanifanya nini? Ndugu zangu, sugu za jembe ziko kiganjani. Ncha za vidole vyangu zilikuwa laini kama za mtoto wa mjini. Nyuzi za besi, ambazo wengi kwetu wanaziita kamba, zina waya mwingine uliozungushwa juu yake. Nyingi zina waya wa duara, ukipitisha ukucha unasikia krrr, kama unakwaruza mbao. Huo mkwaruzo ndio unaokula ngozi. Wiki ya kwanza nilitoka malengelenge, nikajikaza. Yalipokauka nikaanza kupata sugu ndogo, ngumu, za manjano, nikawa nazigonga mezani ili watu wasikie.

Kisha mihogo ikanishusha. Kwetu mihogo tunailowesha majini mpaka ilainike, halafu tunaitoa na kuivunjavunja ili ianikwe. Jumamosi moja nilishinda na mama mkwe wangu kwenye kazi hiyo, mikono majini tangu asubuhi. Jumapili nikapanda mbele na sugu zangu, na katika wimbo wa pili tu zikatoka nzimanzima kama ganda la haragwe lililolowekwa. Nilimaliza ibada ile machozi yakinitoka, na mama mmoja akaja kunikumbatia akisema Roho amenigusa kwelikweli. Sikumpinga. Tangu siku hiyo mihogo yangu naitoa majini Jumatatu, na mtu yeyote anayepiga vyombo na kuishi na mihogo naye afanye hivyo. Vivyo hivyo kufua nguo nyingi, vivyo hivyo kuosha sufuria za sherehe. Ngozi iliyolowa haitakiwi kugusa nyuzi mpaka ikauke vizuri na kurudi kuwa ngozi.

Usidhani ni mimi tu niliyekuwa mjinga. Kule Mushaki, nchi ya ng'ombe, palikuwa na kijana mpiga besi aliyechoka kuumia, akapaka nyuzi siagi ya ng'ombe ili vidole viteleze. Wiki ya kwanza alifurahi mno, akaja kunieleza siri yake akinong'ona. Baada ya muda nyuzi zilifyonza mafuta na uchafu, sauti ikawa nzito kama mtu anayegonga gunia. Kisha panya wakagundua siri yenyewe. Alilikuta gitaa lake limetafunwa shingoni, na alama za meno ziko pale mpaka leo. Ukitelezesha kidole gumba nyuma ya shingo unazihesabu. Nilicheka nikashika mbavu. Halafu nikaona uso wake, nikaacha. Alikuwa anaumwa vidole na hakuna mtu aliyemwambia lolote zaidi ya kwamba ajikaze.

Sasa nije kwenye kiini. Kwa nini sisi wa milimani tuliumia kuliko wapiga besi wengine? Nyuzi mbovu, ndiyo. Lakini chanzo kikubwa kilikuwa batri.

Ampli yetu, ile mashine ya kukuza sauti, ilikuwa inatumia batri ya gari, na batri ilikuwa chini ya Papa Deo, mwenyekiti wa kwaya. Huyu baba alikuwa mtu mwema, anayetembelea wagonjwa hata mvua ikinyesha, ila batri ile aliipenda kama mtoto wa mwisho. Ukianza kupiga tu, unamwona anainuka kitini, anakuja kwa kunyata, anashusha sauti ya ampli.

"Batri! Batri!" anasema. "Mutanimalizia batri mbele ya mahubiri!"

Sauti ikishuka, waimbaji hawasikii besi, wanakugeukia na kukutolea macho. Wewe unafanya nini? Unavuta nyuzi kwa nguvu zaidi. Mwezi unaofuata batri imechoka zaidi, Papa Deo anashusha zaidi, wewe unavuta zaidi. Hivyo ndivyo Papa Bahati alivyojifunza, hivyo ndivyo alivyonifundisha, na wote tuliamini kwamba besi ndivyo ilivyo. Tulikuwa tunaokoa batri kwa ngozi zetu, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Nililijua hilo nikiwa Kitshanga. Vita vilikuwa vimetutoa Kibabi, kila mtu na njia yake. Mimi nilitoka na mtoto mgongoni na besi kifuani, nikatembea nimenyooka maana nilikuwa nimelemewa pande zote mbili. Kitshanga nilimpata Dada Chantal, mwanamke mwenye vyombo vya muziki vya kukodisha, vinavyotumia umeme wa jua. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na hakuwa na muda wa kumbembeleza mtu. Alinipa kazi kwenye harusi moja. Nikaanza kupiga jinsi ninavyojua. Akasimamisha kila kitu.

"Mama Riziki, uko unapiga besi ao uko unatwanga sombe?"

Watu wakacheka. Mimi nikanuna.

"Rudisha nguvu yako kwa nyumba," akasema. "Ampli njo inafanya kazi ya nguvu. Weye gusa tu."

Akapandisha sauti ya ampli, akanishika kiganja kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kuandika. Kidole gumba akakiegemeza juu ya sumaku ya gitaa, ile inayonasa sauti chini ya nyuzi, kitulie pale. Kifundo cha mkono akakinyoosha, kwa sababu nilikuwa nimekipinda kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Akanisogeza karibu na shingo ya gitaa, ambako nyuzi ni laini zaidi kuliko karibu na daraja, pale zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Akaniambia niguse kwa nyama ya kidole, nisichimbe kwa ncha, kidole kipite na kupumzika kwenye uzi unaofuata, halafu mwenzake achukue zamu. Nikagusa. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, imejaa, ilitikisa mabati. Na sikuumia. Nilisimama pale nikavitazama vidole vyangu, nikaona hasira imenipanda, wala sikujua nimkasirikie nani.

Nawapa kipimo nilichokipata siku hiyo: ukiwa unapiga, jaribu kumwambia mwenzako habari za nyumbani. Ukishindwa kuongea, au ukaongea huku umekunja uso, unatumia nguvu isiyo yako. Na kidole kikianza kupata moto, acha. Moto huja kabla ya lengelenge.

Miaka ikapita, na siku moja sokoni Kitshanga nikasikia naitwa. Ni Papa Bahati. Amekonda, koti la kijivu ni lilelile. Alikuwa amekimbilia upande wa Walikale na familia yake, na sasa wamekuja Kitshanga, yeye na Solange, kwa sababu Solange amechumbiwa na harusi itafungwa hapa. Papa Deo naye yupo, akaniambia, kwaya ya harusi iko chini yake, na bado ana batri. Tulicheka, kisha akanionesha mkono. Nyufa zilikuwa zimekuwa ngumu, za kudumu, na ncha ya kidole cha shahada haikuwa na hisia tena. Aliigonga kwenye meza ya muuza nyanya kama anagonga kijiti.

"Riziki, tangu niache Kibabi sijagusa besi," akasema. "Na mutoto wangu iko anaolewa. Nilimuahidi."

Nilimwambia asiogope, kuna njia siku hizi. Nikampeleka kwa Chantal. Ukutani kwake palikuwa pametundikwa besi ya zamani yenye mwili uliopasuka, lakini nyuzi zake zilikuwa za aina nyingine, zile ambazo waya wa juu ni bapa kama utepe. Ukucha unateleza juu yake kimya. Nilizivua, zilikuwa nyeusi kwa uchafu, nikazichemsha kwenye sufuria kama tunavyofufua nyuzi kuukuu. Mkizichemsha, kaushieni palepale kwa kitambaa, zisilale na maji zikashika kutu, na sufuria hiyo msiirudishie maharage. Jirani yangu hakulijua hilo, mpaka leo ananidai sufuria. Nikazifunga kwenye gitaa langu. Nikaomba kwa fundi wa pikipiki ufunguo mdogo, nikateremsha nyuzi kwenye daraja mpaka zikawa karibu kabisa na shingo, ila bila kuigonga. Halafu nikazilegeza zote kidogo, sauti ikashuka, nyuzi zikawa laini zaidi.

Papa Bahati akaligusa, akalirudisha mikononi mwangu.

"Hii haiko besi. Hii iko matelasi ya kulalia."

"Papa, jaribu kwanza."

"Besi bila kuumia iko mchezo ya batoto," akasema. "Nipe ile ingine."

Ile nyingine ilikuwa ya kijana wa kwaya, yenye nyuzi mpya za kukwaruza, zilizo juu. Nilijua zitamuumiza, lakini ni mwalimu wangu, ningemnyang'anya mkononi? Alianza mazoezi ya kwaya nayo, Papa Deo akainuka kitini kama zamani, akashusha sauti ya ampli, na Papa Bahati akaongeza nguvu kama zamani. Kabla wimbo haujaisha, ufa wa zamani ulifunguka. Hakuusikia, kwa sababu kidole kile kilikuwa kimekufa ganzi. Sisi ndio tulioona damu kwenye nyuzi.

Solange alikuwa amekaa na akina mama wakipanga mapambo. Akaja, akatoa leso kichwani, akamfunga baba yake kidole. Alipomaliza akasema:

"Papa, mi sitaingia mu kanisa juu ya damu yako. Kama haiwezekane bila hiyo, basi Mama Riziki apige, na weye unishike mukono tu."

Mzee aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma mpaka nikatazama pembeni. Kumwambia mtu aache ujuzi wake ni jambo moja. Kumwambia kwamba sehemu kubwa ya mateso yake haikuhitajika ni jambo jingine, na hilo hata mimi sikuthubutu kulisema. Alikaa na leso ile kidoleni mpaka waimbaji walipoondoka. Kisha akaninyooshea mikono nimpe matelasi.

Tulimfundisha upya, mimi na Chantal, kila jioni hadi kidole kilipofunga. Ilikuwa kazi. Mkono wake ulikuwa umezoea kupigana. Ninamwambia gusa, anagusa mara mbili, ya tatu anarudi vitani. Chantal akaanza kumpigisha hadithi huku anacharaza, amweleze habari za Walikale, za mito, za mvua isiyokatika, na kila alipokatika kusimulia tulijua ameanza kutumia nguvu. Kwa sababu nyuzi zilikuwa zimelegezwa, kwaya nzima ilibidi iimbe chini kidogo. Mpiga solo alinung'unika, mwenye kinanda akabonyeza kitufe chake cha kushusha noti akamaliza. Mabinti wa sauti ya kwanza walinuna kwamba hawang'ai. Lakini akina mama wazee, waliokuwa wameacha kuimba kwa sababu sauti haifiki juu, walirudi mmoja mmoja kwenye benchi lao, na hakuna aliyethubutu kuwaambia waondoke.

Siku ya harusi nilivaa kitenge kipana kuliko vyote nilivyo navyo, nikaweka kiti changu mbele ya ampli, nikakaa. Batri ilikuwa imejaa. Chantal aliichaji mwenyewe kwenye mitambo yake ya jua. Solange akatokea mlangoni, na Papa Bahati akaanza.

Sijui niwaelezeje. Ilikuwa ileile besi ya Kibabi, ile iliyokuwa inatuliza kanisa, ila sasa ilikuwa na nafasi ndani yake. Akina mama wazee walipiga vigelegele. Solange alipofika katikati ya njia nikaona Papa Deo anainuka. Akaja kwa kunyata, akazunguka kiti changu, mkono ukanyooka kuelekea ampli. Papa Bahati akamwona. Nikaona bega lake linaanza kukaza, mkono unajiandaa kwa yale ya miaka yote.

"Papa Deo," nikanong'ona, "tazama bidole byake."

Akatazama. Naye alikuwepo siku ya damu. Akasimama na mkono wake hewani, mtu mzima na tai yake, kisha akauweka mfukoni na kurudi kukaa. Bega la Papa Bahati likashuka. Solange alifika mbele akitembea polepole, na baba yake alipiga mpaka alipofika, hakuruka hata noti moja.

Baada ya ibada tulikaa uani kula. Binti mmoja akapita na maji ya kunawa, mwingine nyuma yake na vijiko, maana watu wa Kibabi walikuwa wamemweleza kwamba mzee huyu anakula kwa kijiko. Akamwekea kimoja mbele yake kwa heshima. Papa Bahati alikitazama kile kijiko. Akageuza kiganja, akazitazama ncha za vidole. Hazikuwa na alama yoyote mpya. Solange, na shela lake kichwani, alikuwa amesimama nyuma yake anatazama pia.

"Riziki," mzee akaniita. "Kumbe haikukuwaka lazima."

Ningeweza kumfariji kwa uongo kwamba ilikuwa lazima kuumia. Ningemwambia kwamba maumivu yale ndiyo yaliyomfanya awe bora. Lakini alikuwa ameuliza kama mtu mzima.

"Hapana, Papa," nikasema. "Haikukuwaka lazima."

Machozi yalimtoka, akayaacha. Kisha akamwita yule binti wa maji, akanyoosha mkono wa kulia, akanawa, akakisukuma kijiko pembeni. Akakata tonge la bugali, akalikanda, akalichovya kwenye sombe yenye pilipili, mpaka vidole vikazama.